Kununua kompyuta mpakato iliyotumika: mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha

Miaka michache iliyopita, kikundi kimoja cha kuweka na kukopa tunachofanya nacho kazi kilituomba tukisaidie kununua kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi tunavyoiita. Wanachama walikuwa 27, wengi wao akina mama wanaouza mboga na vitenge. Kwa miaka sita hesabu zao zote zilikuwa kwenye madaftari, na katibu alikuwa amechoka kujumlisha hisa na riba kwa kalamu kila mwisho wa mzunguko. Fedha zilizokuwepo hazikutosha kununua kompyuta mpya. Tulikwenda mjini pamoja na katibu na mweka hazina, tukaingia katika duka la kompyuta za mitumba, tukachagua ile iliyong'aa kuliko nyingine na ambayo bei yake ilikuwa ya chini. Muuzaji aliiwasha, picha ikatokea, tukalipa.

Baada ya wiki moja tuligundua kwamba betri haikai na chaji zaidi ya dakika kumi. Kila umeme ulipokatika, kompyuta nayo ilizimika, na kazi ambayo ilikuwa haijahifadhiwa ilipotea. Mwezi wa tano diski ilianza kutoa sauti ya kugongagonga, na asubuhi moja kompyuta haikuwaka tena. Hesabu za miezi mitano zilikuwa humo, na hapakuwa na nakala popote. Madaftari yalikuwa yameachwa tangu siku kompyuta ilipofika.

Ilitubidi kukaa na wanachama mmoja mmoja, Jumamosi tatu mfululizo, tukisoma vitabu vyao vya hisa na kuandika hesabu upya. Hesabu za wanachama wawili hazikulingana na kile mweka hazina alichokumbuka. Hakuna aliyekuwa ameiba, lakini maneno yalianza. Mmoja wa wale wawili alijitoa kabla ya mwaka kwisha, na hakurudi.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Lakini kosa letu halikuwa kununua kompyuta iliyotumika. Leo tunazo kompyuta za mitumba ofisini zinazofanya kazi vizuri, na kikundi kile kile sasa kinatumia nyingine ya mtumba kwa mwaka wa tatu. Kosa letu lilikuwa kununua bila kukagua, kisha kuweka hesabu za watu mahali pamoja tu. Katika somo hili tunaeleza mambo tuliyojifunza, ili vikundi vingine, shule na ofisi ndogo zisilipe gharama hiyo hiyo.

Anzeni na kazi, si na mashine

Kabla ya kwenda dukani, kaeni pamoja mwandike kwenye karatasi: kompyuta hii itafanya kazi gani? Vikundi vingi vinahitaji mambo machache tu: kuandika barua na taarifa, kutunza hesabu kwenye jedwali, kusoma barua pepe, kuchapisha, na pengine kuhudhuria mkutano kwa njia ya intaneti. Kazi hizi hazihitaji mashine ya gharama kubwa. Kuhariri video au kuchora ramani za majengo ni jambo jingine, na makala hii haihusu kazi hizo.

Ulizeni pia: itatumika wapi? Kuna umeme wa uhakika, au ni wa jua? Nani ataibeba, nani ataitunza, nani anajua kuitumia? Majibu ya maswali haya yatawaongoza kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Kwa nini mitumba ya ofisini ni bora

Makampuni mengi ya Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta za wafanyakazi wao kila baada ya miaka michache, hata kama bado ni nzima. Ndizo nyingi kati ya zile tunazoziona madukani Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi: ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell, na EliteBook na ProBook za HP. Kwa kawaida bawaba zake ni imara, hufunguliwa kwa skrubu bila kuvunja kitu, na mafundi wengi wanazifahamu, hivyo vipuri vyake hupatikana.

Kompyuta ya nyumbani ya bei nafuu, hata ikiwa na umri mdogo zaidi, mara nyingi ina mwili mwepesi wa plastiki na bawaba zinazovunjika mapema. Kati ya mbili za bei moja, sisi huchagua ile ya ofisini hata kama inaonekana ya zamani kidogo.

Fahamuni umri wake

Rangi na mng'ao havionyeshi umri. Tazameni jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Kwenye prosesa nyingi za Intel za miaka ya 2011 hadi 2020, namba inayofuata alama ya i3, i5 au i7 huonyesha kizazi chake. Kwa mfano, i5-4300U ni ya kizazi cha 4, i5-8250U ni ya kizazi cha 8, na i5-10210U ni ya kizazi cha 10. Muuzaji akisema "hii ni i7" bila kutaja kizazi, hajawaambia mengi. Mashine ya i5 ya kizazi cha 8 huwa na nguvu kuliko i7 nyingi za zamani.

Kizazi kina umuhimu mwingine siku hizi. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo bado zinawaka na kufanya kazi, lakini hazipati tena kwa kawaida marekebisho ya usalama yanayozuia virusi na wezi wa mtandaoni. Windows 11, kwa upande wake, kwa kawaida hukubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na huhitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Hivyo mna njia mbili:

• Mkiweza, nunueni mashine ya kizazi cha 8 au zaidi, ambayo Windows 11 huikubali. ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5 ni mifano ya kundi hilo.

• Kama fedha zinatosha mashine ya zamani tu, panga mapema kuiwekea mfumo wa Linux, kama vile Linux Mint au Ubuntu. Mifumo hii haiuzwi, hupewa marekebisho ya usalama, na huenda vizuri kwenye mashine nyingi ambazo Windows 11 inazikataa. Programu ya LibreOffice, ambayo nayo ni ya bure, hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, ingawa mpangilio wa ukurasa unaweza kubadilika kidogo.

Jihadharini na muuzaji anayesema ameweka Windows 11 "kwa ujanja" kwenye mashine ya zamani. Microsoft haikuahidi kwamba mashine kama hiyo itaendelea kupata marekebisho. Jihadharini pia na Windows isiyo na leseni. Programu zinazotumiwa kuvunja leseni mara nyingi huja na virusi, na wezi wa nywila za fedha hupitia mlango huo.

RAM na diski

Baada ya prosesa, mambo mawili huamua kama kompyuta itakuwa nyepesi au nzito.

RAM ni kama meza ya kufanyia kazi. Meza ikiwa ndogo, huwezi kufungua madaftari mengi kwa wakati mmoja. GB 4 zinatosha kwa Linux na kazi nyepesi. GB 8 ndizo tunazopendekeza kwa anayetumia intaneti na Windows. Ulizeni kama RAM inaweza kuongezwa, kwa sababu kwenye baadhi ya mashine nyembamba imebandikwa moja kwa moja na haibadilishwi.

Diski ni kama kabati la kutunzia. Zipo za aina mbili. Ya zamani ina sahani inayozunguka ndani, na huharibika ikianguka au ikitikiswa inapofanya kazi. Ya pili huitwa SSD, haina kitu kinachozunguka, na ni ya haraka zaidi. Kompyuta ya zamani iliyowekewa SSD huwaka kwa muda mfupi sana kuliko ilipokuwa na diski ya kuzunguka. Kama fedha zinaruhusu badiliko moja tu, wekeni SSD. Kwa kazi za maandishi na hesabu, GB 128 zinatosha, na GB 256 zinatosha zaidi.

Ukaguzi dukani

Nendeni asubuhi, msiende mkiwa na haraka. Mchukueni mtu anayefahamu kompyuta kama yupo. Bebeni flashi yenye nafasi, simu yenye bando, na spika za masikioni. Mwambieni muuzaji mapema kwamba mtahitaji nusu saa. Akikataa, hilo pekee ni jibu.

1. Umbo. Fungueni na kufunga kioo mara kadhaa. Bawaba zisilie wala kulegea. Iwekeni mezani: ikiwa sehemu ya chini imebenuka au padi ya kipanya imeinuka, huenda betri imevimba. Betri iliyovimba inaweza kushika moto. Msiinunue mashine hiyo hivyo ilivyo.

2. Kuwaka. Iwasheni wenyewe kutoka kuzimwa kabisa, si kutoka usingizini.

3. Kioo. Fungueni ukurasa mweupe, kisha mweusi, mjaze kioo chote. Tafuteni mistari, madoa na sehemu zenye giza. Sogezeni kioo mbele na nyuma taratibu. Picha ikichezacheza, waya wa ndani umechoka.

4. Kibodi. Fungueni ukurasa wa kuandikia mbonyeze kila herufi na kila namba. Kumbukeni kwamba kompyuta zilizotoka Ufaransa au Ujerumani zina mpangilio tofauti wa herufi. Katibu aliyezoea mpangilio wa Kiingereza atasumbuka.

5. Matundu. Chomekeni flashi kwenye kila tundu la USB. Jaribuni tundu la spika, la projekta na la waya wa mtandao.

6. Waifai, kamera na sauti. Unganisheni na simu yenu, mfungue ukurasa mmoja, mjirekodi kwa dakika moja, kisha msikilize.

7. Sifa zake. Bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, andikeni msinfo32. Hapo mtaona aina ya mashine, prosesa na RAM. Linganisheni na maneno ya muuzaji. Mkiandika tpm.msc mtaona kama TPM ipo na ni toleo gani.

8. Diski. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inaweza kubebwa kwenye flashi. Kwa kawaida rangi ya bluu ni dalili nzuri, ya njano ni onyo, na nyekundu ni hatari. Huonyesha pia saa ambazo diski imekwisha kufanya kazi. Hiki ndicho kipimo ambacho sisi hatukukifanya.

9. Betri. Chomoeni chaja, mwendelee na ukaguzi kwa betri peke yake. Kwenye Windows, fungueni dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport. Ripoti itakayotengenezwa inaonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa uliobaki ni chini ya nusu, hesabuni bei ya betri mpya.

10. Chaja. Isomeni lebo. Imeandikwa 100–240V? Basi inafaa kwa umeme wetu, hata kama ilitoka Marekani, mkibadilisha plagi. Angalieni kama volti na wati zinalingana na zile zilizoandikwa chini ya kompyuta.

Kufuli zisizoonekana

Kuna kasoro ambayo macho hayaioni. Kompyuta za makampuni mara nyingi hufungwa kwa nywila ya ndani kabisa, kwenye BIOS, ambayo ni programu inayoamsha mashine kabla ya Windows. Kwenye mashine nyingi za ofisini nywila hiyo haiondoki hata ukibadilisha diski au kutoa betri ndogo ya ndani. Siku mnapotaka kuweka mfumo mpya, mnakwama.

Ijaribuni kabla ya kulipa. Mara tu mashine inapoanza kuwaka, bonyezeni F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, au F10 kwa HP. Ikiomba nywila na muuzaji haijui, iacheni.

Vivyo hivyo, baadhi ya mashine bado zimesajiliwa kwa kampuni au shule ya zamani. Chromebook iliyosajiliwa na shule hurudi kumwomba msimamizi wake hata ikifutwa yote. MacBook inaweza kuwa imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Kufuli kama hiyo inaweza kuwa uzembe tu wa aliyeiuza, lakini inaweza pia kuwa dalili kwamba kompyuta iliibwa. Hatuwezi kujenga kazi ya uaminifu juu ya mali ya mtu mwingine.

Hesabuni gharama yote

Bei ya dukani si bei ya mwisho. Tuchukue mfano, kwa takwimu za kujifunzia tu. Kompyuta ya kwanza inauzwa shilingi 280,000, lakini inahitaji betri ya 90,000, chaja ya 35,000 na SSD ya 80,000. Jumla ni 485,000. Ya pili inauzwa 430,000 ikiwa na vyote hivyo katika hali nzuri. Anayetazama bei ya kwanza peke yake atalipa 55,000 zaidi, na safari tatu za kwenda kwa fundi juu yake.

Ongezeni pia begi, flashi mbili za nakala na nauli. Kama bajeti inafika mwisho siku ya kununua, ni afadhali kusubiri miezi miwili kuliko kubaki na mashine bila chaja.

Kwa wanaotumia umeme wa jua, someni wati za chaja. Chaja nyingi za ofisini ni za wati 45 au 65. Chaja maalumu inayochomekwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 hupoteza umeme kidogo kuliko kupitia inveta.

Ombeni risiti yenye jina la duka, tarehe, aina ya mashine na namba yake ya chini. Ombeni dhamana kwa maandishi, hata ya wiki mbili, ikieleza kama ni ya kurudishiwa fedha au ya kutengenezewa. Kisha itumieni kwa bidii katika siku hizo, ili kasoro ijitokeze wakati dhamana ingali hai.

Baada ya kuifikisha nyumbani

Msiingize hesabu siku ya kwanza. Futeni kila kitu mlichokikuta, mkaweke mfumo mpya, mkafanye marekebisho yote ya usalama. Hamjui aliyetangulia aliacha nini humo.

Kisha wekeni utaratibu wa nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kompyuta ni daftari linaloweza kufa usiku mmoja. Kikundi chetu sasa kina nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi inayokaa kwa mweka hazina, na karatasi iliyochapishwa baada ya kila mkutano wa mwezi, ambayo wanachama wawili huisaini. Flashi haikai kwenye begi moja na kompyuta, kwa kuwa mwizi hachagui. Na kila mwanachama bado anatunza kitabu chake cha hisa. Kompyuta ikifa leo, kazi itakayopotea ni ya mwezi mmoja, na hakuna atakayemshuku mwenzake.

Siku mtakapoiuza au kuigawa, futeni diski kabisa. Majina, namba za simu na madeni ya wanachama ni siri waliyowakabidhi. Sheria nazo zinadai hivyo: Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania ilipitisha ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022.

Neno kuhusu kompyuta za msaada

Wakati mwingine marafiki wa nje hutuandikia wakitaka kutuma kompyuta zao za zamani. Tunashukuru, lakini tumejifunza kuuliza kwanza maswali yale yale ya dukani: za mwaka gani, zina chaja, zinawaka, zimefunguliwa nywila? Kompyuta kumi zisizowaka ni taka tunazohamishiwa, na ndani yake mna madini na kemikali zinazodhuru udongo na maji. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unasimamia usafirishaji wa taka zenye sumu kati ya nchi, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za vifaa vya umeme zinahitaji idhini ya nchi inayopokea. Kumwambia mtoaji "hizi hapana, asante" si kukosa adabu. Ni kumsaidia atoe kitu kitakachofaa.

Na zetu zinapokufa, tusizichome wala kuzitupa shimoni. Fundi anaweza kuchukua vipuri, na kinachobaki kipelekwe kwa wakusanyaji waliosajiliwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

• Kazi gani tatu ambazo kompyuta ingeturahisishia? Je, zinatosha kuhalalisha gharama?

• Kama kompyuta yetu ingekufa leo usiku, kesho tungepoteza nini? Nakala ziko wapi, na nani anazo?

• Katika kikundi chetu nani wanajua kuitumia? Tufanye nini ili ujuzi usibaki kwa mtu mmoja?

• Ni vitu gani vingine tulivyowahi kununua kwa bei rahisi vikatugharimu zaidi? Tulijifunza nini?

• Tukipewa msaada ambao hautufai, tunaweza kukataa kwa maneno gani bila kuvunja urafiki?